Nani Alifua Gauni la Fanny Price?

Kiswahili kina neno la kitambaa ambacho wahusika wa Jane Austen hawachoki kukizungumzia: melimeli. Watu wa pwani walilipata neno hilo Bara Hindi pamoja na kitambaa chenyewe, vyote vikaja kwa majahazi ya kaskazi. Waingereza nao walikifuata hukohuko, wakakipa jina lao, wakakishona magauni meupe yenye kiuno cha juu, yale tunayoyaona katika kila filamu iliyotokana na riwaya za Austen. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayekutana na melimeli katika Northanger Abbey hakutani na kitu kigeni kama anavyodhani.

Sehemu kubwa ya riwaya hiyo inatokea Bath. Katika ukumbi wa dansi wa mji huo, kijana Henry Tilney anamwambia Bi Allen kwamba yeye ni mjuzi wa vitambaa, na kwamba juzi tu alimnunulia dada yake gauni la melimeli halisi ya India kwa shilingi tano kwa yadi. Bi Allen anavutiwa sana, maana yeye alilipa shilingi tisa. Kisha Tilney anaulizwa maoni yake juu ya gauni la Catherine, shujaa wa riwaya. Anasema ni zuri, ila ana wasiwasi halitafulika vizuri; litachanika nyuzi.

Wasomaji wengi huipokea sehemu hii kama mzaha, na ni mzaha kweli. Kijana wa kiume anaongea habari za nguo kama fundi cherehani ili kumchekesha msichana. Lakini mzaha huo unapita juu ya maswali mawili bila kuyagusa. Nani alilima na kufuma pamba hiyo hata yadi yake ikauzwa shilingi tano? Na gauni likichafuka, nani atalifua? Nilianza kuyauliza maswali hayo nikiwa nimevaa gauni la namna hiyohiyo, katika mji huohuo wa Bath.

*

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 250 tangu Austen azaliwe, tarehe 16 Desemba 1775. Kila Septemba Bath hufanya tamasha la siku kumi kwa heshima yake, na shughuli inayojulikana zaidi ni matembezi ya watu waliovaa mavazi ya enzi ya Regency. Kwa maana yake finyu, enzi hiyo ni miaka ya 1811 hadi 1820, wakati Mfalme George III alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Mwaka 2014 watu 550 waliovaa hivyo walihesabiwa Bath na kuingia katika rekodi za Guinness. Kuna kejeli kidogo hapo. Austen aliishi Bath kati ya mwaka 1801 na 1806, na miaka miwili baada ya kuondoka alimwandikia dada yake, Cassandra, akikumbuka furaha waliyokuwa nayo ya kuukimbia mji huo.

Tulikwenda wanne, wote wanafunzi wa shahada ya uzamili. Mimi ni Mtanzania. Wa pili anatoka Mombasa, wa tatu Dhaka, na wa nne ni Mwingereza wa Durham, mjukuu wa mchimba makaa ya mawe. Magauni tuliyashona wenyewe kwa mashuka meupe ya pamba tuliyonunua dukani. Lebo ya mashuka iliandikwa kwamba yametengenezwa Bangladesh. Mwenzetu wa Dhaka aliikata lebo moja kwa uangalifu, akaishonea kwenye pindo la gauni lake, upande wa nje, ambako kila mtu angeiona kama angeinama kutazama.

Mwenzangu wa Mombasa alipojitazama kwenye kioo alicheka hadi akakaa kitandani. "Shoga," akaniambia, "nyanya angetuona angetwambia tumetoka nje na shimizi." Hakujua kuwa amerudia hukumu ya watu wa Paris. Mwaka 1783 picha ya Malkia Marie Antoinette akiwa na gauni jeupe la namna hii ilipooneshwa hadharani, watu walikasirika kwamba malkia amechorwa na nguo ya ndani, ikabidi picha iondolewe. Baada ya miaka ishirini hivi nguo hiyo ya ndani ilikuwa vazi la heshima la kila mwanamke wa tabaka la juu, London na Bath.

*

Nataka kwanza kulitendea haki zoezi lenyewe, kwa sababu wahakiki wa vyuo vikuu hulidharau haraka mno. Kuna mambo ambayo vazi linamfundisha msomaji na ambayo mhadhara hauwezi kuyafundisha.

La kwanza ni tope. Katika Pride and Prejudice, iliyochapishwa mwaka 1813, Elizabeth Bennet anatembea maili tatu kwa miguu kwenda kumwona dada yake aliye mgonjwa. Anapofika, dada zake Bwana Bingley wanasengenya gagulo lake, kwamba limeingia inchi sita katika tope. Nilipoisoma nikiwa kidato cha sita nilidhani ni umbeya wa kawaida wa wanawake wenye hila. Ukitembea barabara za Bath baada ya mvua, mkono mmoja umeshika mwavuli na mwingine umekunja pindo, unaelewa kwamba gauni jeupe ni tangazo. Linatangaza kuwa mvaaji ana gari la farasi, na kama hana gari basi hana shughuli inayomlazimu kutoka. Elizabeth anapotembea na gauni hilo anavunja mkataba wa kitambaa chenyewe. Ndiyo maana wanamsema.

La pili ni mfuko. Magauni ya kizazi kilichotangulia yalikuwa mapana, na wanawake walifunga mifuko mikubwa kiunoni, chini ya sketi. Melimeli ni nyembamba. Ukificha kitu ndani yake kinatokeza. Kwa hiyo mifuko iliondoka na mahali pake pakachukuliwa na kipochi kidogo cha kushika mkononi, ambacho uwezo wake unaishia kwenye leso, ufunguo na sarafu chache. Siku nzima nilikuwa nikitafuta mahali pa kuweka simu, chaja na tiketi ya treni. Baada ya hapo nilizisoma upya zile sura ambamo Austen anahesabu mapato ya kila bwana kwa pauni, na nikaona hesabu hizo zinafanywa na watu wasio na mfuko. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, fedha na mali inayohamishika ya mwanamke ziliingia mikononi mwa mume siku ya ndoa. Mwili uliokwisha kutafuta mfuko ukaukosa unaielewa sheria hiyo kwa namna yake.

Kama maadhimisho yangeishia hapo, ningeyasifu bila kusita. Lakini vazi lina ukimya wake pia.

*

Angalia msafara wenyewe. Mamia ya watu wanashuka mtaani: mabibi wenye shali, mabwana wenye kofia ndefu, maofisa wenye makoti mekundu. Mtu akiuchukulia msafara huo kama kitabu cha historia, ataamini kwamba Uingereza ya mwaka 1813 ilikuwa nchi isiyo na mpishi, mfua nguo wala mchunga farasi. Kila mmoja wetu amejivisha nguo za tabaka ambalo bibi na babu zake, kwa uwezekano mkubwa, walilitumikia.

Mwenzetu wa Durham alilitambua hilo mapema, akaamua kuja kama dobi. Alivaa gauni la rangi ya kijivu, aproni, kofia ya kitambaa, na mkononi kikapu chenye mashuka yaliyokunjwa. Alijiandaa kwa maswali. Alikuwa amesoma namna nguo zilivyochemshwa, zilivyotiwa wanga na kunyooshwa kwa pasi za chuma zilizopashwa moto jikoni. Hakuna aliyemuuliza. Watu walitusimamisha sisi watatu tuliovaa meupe wakaomba picha, kisha wakampa yeye simu ili apige. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aproni ilimwambia kila mtu kazi yake ni ipi, na watu wakaitii aproni. Kufika mchana alikuwa amepiga picha nyingi za watu asiowajua, na yeye hayumo hata katika moja.

Tukio hilo ndilo lililonirudisha kwenye Mansfield Park ya mwaka 1814, riwaya ambayo watu wengi wanaoshona magauni huiruka kwa sababu shujaa wake ni mkimya na haina dansi nyingi. Fanny Price ni msichana maskini anayelelewa na mume wa mama yake mkubwa, Sir Thomas Bertram, tajiri mwenye shamba Antigua, kisiwa cha Karibi ambako miwa ililimwa na watumwa. Katika sura ya 21 Fanny anamkumbusha Edmund kwamba jioni iliyopita alimuuliza Sir Thomas juu ya biashara ya watumwa. Angependa kuendelea kuuliza, anasema, lakini chumba kilinyamaza kimya, na binamu zake walikaa pale bila dalili ya kujali. Edward Said aliuchambua uhusiano wa nyumba ile na Antigua katika Culture and Imperialism, mwaka 1993, na tangu hapo ukimya huo umeandikiwa kurasa nyingi sana.

Kinachosemwa mara chache ni kwamba sura mbili baadaye Fanny amevaa gauni jeupe. Anakwenda kula chakula cha jioni kwa mchungaji, ana wasiwasi kwamba amejipamba kupita kiasi, na Edmund anamtuliza: mwanamke akivaa nyeupe tupu hawezi kuwa amezidisha. Gauni hilo alipewa na Sir Thomas wakati binti yake alipoolewa. Yaani Sir Thomas amerudi kutoka Antigua, ameulizwa swali juu ya watumwa, na mpwa aliyeuliza swali anatokea mbele yetu ndani ya nguo iliyonunuliwa na mfuko uleule. Austen hasemi lolote. Anaziweka sura hizo karibu karibu na kuendelea na hadithi.

Baadaye Lady Bertram anatamani kaka yake Fanny, aliye ofisa wa jeshi la majini, apelekwe India ili amletee shali. Anafikiri kidogo, kisha anasema afadhali ziwe mbili. Dola nzima, kwa Lady Bertram, ni duka lililo mbali kidogo.

Simwiti Austen mtetezi wa utumwa. Katika barua ya mwaka 1813 anaonyesha wazi kwamba aliwahi kumpenda sana, kama mwandishi, Thomas Clarkson, mmoja wa wapiganaji wakubwa dhidi ya biashara hiyo. Baba yake, kwa upande mwingine, mwaka 1760 aliwekwa kuwa mmoja wa wadhamini wa shamba la familia ya Nibbs huko Antigua. Mtu anaweza kuzaliwa ndani ya jambo na kulichukia. Ninachosema ni kwamba riwaya inaujua ukimya wake na inautia alama ili msomaji auone. Msafara wetu wa Bath haukutia alama yoyote.

*

Sasa kitambaa chenyewe. Mwenzetu wa Dhaka hakuhitaji nadharia kukisoma. Melimeli iliyosifiwa kuliko zote ilifumwa nchini kwao, Bengal, kwa pamba iliyoota kandokando ya mto Meghna, na nyuzi zilisokotwa kwa mkono hewa ikiwa bado na unyevunyevu, kwa sababu zikikauka hukatika. Kisha mwaka 1779 Samuel Crompton wa Lancashire alibuni mashine iliyoweza kusokota nyuzi nyembamba za kutosha kuiga kazi hiyo. Waingereza wakaziwekea nguo za India ushuru mkubwa kwao, na baada ya mwaka 1813, Kampuni ya Mashariki ya India ilipopoteza ukiritimba wa biashara ya India, nguo za viwandani za Uingereza zikamiminika upande wa pili. Ufundi wa Dhaka ulikufa katika karne hiyohiyo ya 19. Ni miaka ya karibuni tu Bangladesh imefanikiwa kuanza kuufufua.

Pamba ghafi ya viwanda vya Lancashire nayo haikulimwa Lancashire. Ilitoka Karibi, Brazili, na zaidi na zaidi kusini mwa Marekani, hasa baada ya Eli Whitney kupewa hataza ya mashine yake ya kuchambulia pamba mwaka 1794. Kote huko waliolima na kuvuna walikuwa watumwa. Kwa hiyo Tilney anapojivunia melimeli halisi ya India kwa shilingi tano, anazungumza katika miaka ambayo kitambaa hicho kinaanza kuwa adimu na nakala yake inaanza kuwa rahisi. Huo ndio uzito wa ile lebo kwenye pindo. Mwenzetu alikuwa amevaa, mahali pamoja, miaka mia mbili ya historia ya nchi yake: kutoka melimeli ya wafalme hadi shuka la dukani, na katikati yake pengo ambalo hakuna aliyeinama kulisoma.

Mwaka 2021 nyumba ya makumbusho ya Austen kule Chawton ilisema itawaeleza wageni uhusiano wa chai, sukari na pamba na maisha ya familia yake. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yakalalamika kwamba Austen anashambuliwa. Shambulio lenyewe lilikuwa kutaja kilichomo kikombeni na kilichomo mwilini.

*

Kuna jambo jingine, nalo linanihusu zaidi mimi na mwenzangu wa Mombasa. Mara kadhaa siku hiyo wapita njia walituambia kwa furaha kwamba tumetoka moja kwa moja ndani ya Bridgerton. Walikuwa wanatukaribisha. Mfululizo huo ulianza kuoneshwa Netflix Desemba 2020, na katika ulimwengu wake ndoa ya Mfalme George III na Malkia Charlotte aliye Mweusi imewapa Weusi vyeo vya juu. Kwa mamilioni ya vijana, sisi tukiwemo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujiona ndani ya magauni haya.

Ninaelewa raha yake, na bado nadhani ni ukarimu wenye sharti. Unapewa kiti mezani mradi usiulize sukari imetoka wapi. Na kwa sababu unampa Mweusi nafasi kama ndoto, unawaacha bila jibu wale wanaosema kwamba Mweusi hakuwepo kabisa.

Alikuwepo. Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761 na mama mtumwa na baba ofisa wa jeshi la majini, alilelewa Kenwood katika nyumba ya Lord Mansfield, jaji yule aliyetoa hukumu maarufu ya Somerset mwaka 1772. Bill Richmond alizaliwa utumwani Marekani, akawa bondia mashuhuri London, na mwaka 1821 alikuwa miongoni mwa mabondia waliolinda mlango katika sherehe za kutawazwa George IV. Austen mwenyewe, katika Sanditon aliyoiacha bila kuimaliza mwaka 1817, alimweka Miss Lambe, msichana wa miaka kumi na saba hivi, chotara kutoka Karibi, tajiri kuliko wenzake wote. Ana mtumishi wake wa kike. Mtumishi huyo hana jina, na hapo swali la dobi linaturudia tena, safari hii ndani ya nyumba yetu.

*

Nilipoyasema haya kwenye treni ya kurudi, mwenzangu wa Mombasa alinikatiza. "Kila siku twaambiwa tukumbuke uchungu," akasema. "Leo nimependeza, basi." Kisha akaongeza jambo ambalo sijaweza kulipangua: "Na wale wa Unguja, walipozitaka kanga, nani aliwaambia waulize pamba imetoka wapi?"

Alikuwa anazungumzia historia ambayo Laura Fair ameiandika katika Pastimes and Politics, kitabu cha mwaka 2001. Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilitangaza hadhi ya mtu kabla hajafungua kinywa. Mtumwa alivaa kaniki au kipande cha merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikofumwa, Marekani, katika zama za pamba iliyovunwa na watumwa wa huko. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliziacha kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wengi wakavaa buibui, vazi lililokuwa la mabibi wa tabaka la juu. Walijivisha juu ya hadhi waliyozaliwa nayo, kama tulivyofanya sisi Bath. Nani atasema walikuwa wanaigiza?

Nimelifikiria swali hilo kwa miezi kadhaa, na jibu nililonalo ni hili. Mwanamke wa Ng'ambo aliyejifunga kanga alivaa mbele ya watu waliojua jana alivaa nini. Bwana wake wa zamani alijua. Jirani alijua. Kanga ilisema kitu kwa sababu kaniki ilikuwa bado inakumbukwa na kila macho yaliyoitazama. Nguo inaweza kuwa dai pale tu watazamaji wanapojua ulichonyimwa. Bath, mimi na mwenzangu tulivaa mbele ya watu wasiokumbuka, au waliokumbuka filamu. Dai letu halikuwa na wa kulisikia, likageuka pambo. Kosa haliko kwenye gauni wala kwenye kupendeza. Liko kwenye ukimya uliolizunguka, ule wa sebule ya Sir Thomas.

Na ukimya huo tunao kwetu. Nimehudhuria siku za utamaduni za kutosha shuleni na vyuoni. Wa pwani huja na kanzu, joho, jambia la kuazima, maharusi wenye hina na dhahabu. Sijaona aliyekuja kama kijakazi, mpagazi au mpakuzi wa jahazi, ingawa kwa hesabu za kawaida wengi wetu tulitoka kwa hao kuliko kwa wenye majambia. Lugha yenyewe imetusaidia kusahau: uungwana tunaousifu leo kama tabia njema ulikuwa, kwanza kabisa, hali ya kutokuwa mtumwa. Tunamsifu mtu kwa neno lililowatenga bibi zake. Muyaka bin Haji, tunayempa nafasi ya heshima katika fasihi yetu, alizaliwa Mombasa mnamo mwaka 1776, rika moja na Austen. Tunamsoma kwa vita, mapenzi na ucheshi wake. Ni mara ngapi darasani tumeuliza nani alipika katika nyumba ambazo mashairi yale yaliimbwa?

*

Pendekezo langu si kwamba watu waache kuvaa. Msafara bila magauni utakuwa semina, na semina tunazo nyingi. Ninapendekeza vazi lisomwe hadi kwenye mshono, kama tunavyotakiwa kuisoma riwaya hadi kwenye sentensi anayoiruka kila mtu. Wanaoandaa maadhimisho haya wanajua idadi ya vifungo kwenye koti la ofisa wa mwaka 1812. Watu wenye bidii hiyo hawashindwi kuwaweka mbele ya msafara madobi, wafumaji na mabaharia, na kumweka katikati ya ukumbi, kabla ya dansi, mtu anayeeleza melimeli imepita mikono ya nani. Watu wangesikiliza. Ni walewale waliotembea saa nzima kwenye manyunyu kwa sababu ya mwandishi aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita, uvumilivu wanao.

Mansfield Park haituambii nani alifua gauni la Fanny. Inatuambia lilikuwa jeupe, lilipendeza, na lilitolewa na nani. Lakini gauni jeupe halifiki kwenye ukurasa likiwa jeupe bila mtu kulichemsha, kulianika na kulinyoosha. Tukirudi Bath, tumekubaliana wanne kwamba kila mmoja atachukua zamu ya aproni, na kila zamu itakuwa na sharti moja: mtu akikupa simu umpigie picha, mwombe kwanza asimame kando yako, mpige picha pamoja, kisha mwambie wewe ni nani.